Mishale Minne Iliyochezwa kwa Miguu

Mwaka 1998 kampuni ya Konami ya Japani ilipeleka kwenye kumbi za gemu mashine isiyochezwa kwa mikono. Dance Dance Revolution ilikuwa na jukwaa lenye mishale minne: mbele, nyuma, kushoto na kulia. Wimbo ukianza, mishale hupanda kwenye skrini, na kila mmoja unapofika juu, mchezaji hukanyaga mwenziwe ulio jukwaani. Akiwahi au akichelewa, mashine humhukumu papo hapo.

Wazo la kuchezea gemu kwa miguu lilikuwapo kabla. Bandai ilikwisha kuuza mkeka wa kukanyaga kwa ajili ya Famicom ya Nintendo mwaka 1986, ila ule ulikuwa zaidi wa mbio na mazoezi ya viungo. Konami waliufungamanisha mguu na ngoma, tena hadharani. Aliyepanda jukwaani alikuwa anatumbuiza, apende asipende, na naamini hao watazamaji waliokuwa wakimzunguka ndio walioupa mchezo huu uhai.

Mwaka 1999 mchezo huu ulifika majumbani kupitia PlayStation, ukichezwa kwa mkeka laini wa kukunja. Mwaka huohuo Andamiro ya Korea Kusini ikatoa Pump It Up, yenye vibao vitano: vinne pembeni na kimoja katikati.

Wachezaji wakongwe hawakukaa wakisubiri. Toleo la DDRMAX la mwaka 2001 liliwaletea wimbo MAX 300, wenye mapigo 300 kwa dakika, na pia likawaruhusu kubadili kasi ya mishale. Wengi hudhani mishale ya kasi ni migumu zaidi. Kumbe huachana, ikasomeka vizuri. Kisha ikaja StepMania, programu ya bure ya kompyuta iliyomwezesha mchezaji kujitungia hatua zake. Mwaka 2004 Roxor ya Marekani ilitoa In the Groove, ngumu kupindukia. Konami waliwashtaki, na kesi ikaisha mwaka 2006 kwa Konami kuchukua haki za mchezo huo. Wapenzi wake waliumia, na walikuwa na sababu: mashindano ya kampuni hizo mbili yalikuwa yameuinua mchezo mzima.

Mwaka huohuo jimbo la West Virginia lilitangaza mpango wa kuifikisha Dance Dance Revolution katika shule zake zote 765 za umma, ili kupambana na unene wa watoto.

Kwa mwanagenzi, neno ni hili. Usirudishe mguu katikati kila baada ya hatua. Uache pale ulipokanyaga, hatua ifuatayo ipige kwa mguu wa pili. Chagua nyimbo za taratibu, sikiliza mapigo kabla ya kuangalia mishale, na mkeka laini uubane vizuri sakafuni usiteleze. Wakongwe wanaoshika nguzo iliyo nyuma ya jukwaa wanapunguza uzito miguuni. Wewe anza bila nguzo, mpaka mwili ujue mizani yake.