SMIG: Mshahara Uliolala Miaka Saba

Wandugu, juzi tulibishana hapa Kolwezi kuhusu SMIG, nikaona wengi wetu wenye diploma tunajua bei ya kobalti kuliko mshahara wa chini wa nchi yetu. Ngoja niwape historia yake kidogo.

Wakati wa Wabelgiji, Union Minière ililipa kwa vipande viwili: feza kidogo na posho ya chakula. Vita vilipoanza bei zikapanda, mishahara ikabaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi wakagoma. Tarehe 9 askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, makumi wakafa. Walikuwa wanaomba nyongeza, basi.

Sasa ona zama zetu. Amri ya 2008 ilifikisha SMIG ya kibarua faranga 1,680 kwa siku. Ikakaa hapo mpaka Mei 2018, ikawa 7,075, zaidi ya dola 4 wakati ule. Kisha ikalala tena. Huku kwetu nyumba ya kupanga inaulizwa kwa dola, na bunga nyingi ya bukari inatoka Zambia, kwa hiyo faranga ikianguka, kibarua anaanguka nayo. Mwanzo wa 2025 zile 7,075 zilikuwa dola 2 na nusu tu. Hakuna aliyepunguza mshahara kwa sheria, ulipungua wenyewe.

Mwaka 2021 mashirika RAID na CAJJ yalihesabu kwamba familia ya Kolwezi inahitaji dola 402 kwa mwezi. SMIG ya siku 26 ilikuwa kama dola 92. Na migodini watu wengi wanaajiriwa na kampuni za kandarasi, si na mgodi wenyewe.

Marekani kuna majimbo yanayopandisha kima cha chini kila Januari kufuata bei za soko. Lakini sheria yao ya taifa imemwacha mhudumu anayeishi kwa matabisi kwenye dola 2.13 kwa saa tangu 1991! Kumbe usingizi huu si wetu peke yetu.

Mei 2025 serikali yetu ilitangaza 14,500, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Ile ya kwanza inaonekana mara mbili, lakini kwa dola ilikuwa kama 5: juu kidogo tu ya ile ya 2018. Mimi ningeuliza tarehe ya nyongeza inayofuata kabla ya kupiga makofi.