Mbio za Safari: Magari, Mafundi na Matope ya Afrika Mashariki

Kila ifikapo Dasara, magari huletwa hekaluni yakiwa yameoshwa na kung'arishwa. Boneti hutiwa alama ya kumkum, shada la maua huvishwa mbele, nazi huvunjwa, na ndimu huwekwa chini ya magurudumu ili gari lizikanyage linapoanza safari. Majirani zetu wamezoea kutuuliza iwapo tunaliabudu gari. Jibu ni kwamba tunamshukuru Mwenyezi kwa chombo kinacholeta riziki, na tunamwomba kimrudishe nyumbani salama anayekiendesha. Katika nyanda za juu za Ufipa, ambako kabla ya lami barabara ya Tunduma ilikuwa mtihani wa kila masika, ombi hilo halikuwa la mazoea tu.

Kwa kuwa toleo hili ni la kumbukumbu, inafaa tuikumbuke historia ya mashindano ambayo, kwa takriban miaka 20, yaliunganisha Tanganyika, Kenya na Uganda kwa matope yale yale: mbio za Safari.

Mbio hizo zilianza mwaka 1953, zikaitwa Safari ya Kutawazwa, kwa heshima ya Malkia Elizabeth wa Pili aliyetawazwa mwaka huo. Mwaka 1960 zikaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Hazikukimbiwa katika uwanja uliozungushiwa ua, bali katika barabara za kawaida, pamoja na mabasi, malori, baiskeli na makundi ya ng'ombe. Dereva na msoma ramani wake walipewa muda wa kufika katika kila kituo, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Aliyekuwa na adhabu chache kuliko wote ndiye aliyeshinda. Kwa kawaida zilikimbiwa wakati wa Pasaka, ambapo masika huwa yamekolea. Mwaka 1963 magari 84 yalianza safari. Yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu.

Kwa sababu hiyo, Safari haikuwa na huruma kwa gari la mbio tu. Gari lenye kasi na springi dhaifu lilivunjika. Dereva hodari asiyejua kuusoma mto uliofurika alisombwa. Hadi mwaka 1971, timu kubwa za Ulaya zilileta madereva wake mashuhuri, nao wakarudi mikono mitupu. Washindi wote walikuwa wakazi wa Afrika Mashariki. Wa kwanza kutoka ng'ambo alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, aliyeshinda kwa Ford Escort mwaka 1972, wakati mbio zilipoanzia na kumalizikia Dar es Salaam.

Miongoni mwa wakazi hao, wa kukumbukwa kwanza ni Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Alikulia katika kazi ya ufundi, na aliwahi kuwa fundi wa doria wa chama cha wenye magari, akiwasaidia waliokwama njiani. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliingia mashindanoni kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo timu ya kiwandani ilikuwa imelikimbiza mwaka uliotangulia na kuliacha. Mafundi hao wawili waliliunda upya, wakalishinda kila gari jipya lililoletwa. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alishiriki mara 22 na kufika mwisho mara 19. Watu walimwita Simba wa Kenya. Hesabu hiyo ya kufika, kuliko hata vikombe vyake vitatu, ndiyo inayoonyesha ufundi wake: alijua wakati wa kukimbia na wakati wa kulionea gari huruma.

Tanzania nayo ilikuwa na wake. Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyeishi na kufanya kazi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Gari hilo hilo lilikuwa limeshinda mwaka 1963, likashinda tena mwaka 1968. Ushindi huo ulikuwa na maana dukani pia: wanunuzi wa Afrika Mashariki walitaka gari lililothibitishwa na barabara zao wenyewe. Ndivyo Peugeot, na baadaye Datsun, zilivyopata sifa kwetu.

Wa tatu ni Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945 katika familia yenye asili ya India. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili. Mwezi Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliopoteza makazi yao, naye akahamia Kenya. Pasaka ya mwaka 1973, miezi michache tu baada ya kufukuzwa, alikimbia kwa Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili. Mwishoni yeye na Harry Källström wa Sweden walikuwa na adhabu sawasawa. Ushindi akapewa Mehta, kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kuadhibiwa. Kisha akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tano.

Aliyeambiwa kuwa hapa si kwake alizijua barabara za hapa kuliko wageni wote waliokuja kushindana naye. Amri ilimwondolea nyumba, lakini haikuweza kumwondolea ujuzi wa nchi. Nchini Tanzania pia, baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi zilihama na nyingine zikabaki. Waliobaki katika miji kama wetu walibaki pamoja na majirani waliowajua kwa majina, na kwa kazi za mikono yao.

Tangu mwaka 1974 mbio hizo zimekimbiwa Kenya pekee, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani nayo ikavunjika. Timu za viwanda zikaja na helikopta na vipuri tele. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, ikarejea mwaka 2021, ikiwa na kitovu chake Naivasha.

Kwetu Ufipa, heshima kwa fundi wa chuma ni ya kale kuliko gari. Wafipa walijenga malungu, tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia mawe ya chuma, na hawakuziwasha bila kutimiza mila na dawa zake. Mzee wa Kifipa aliyelijua hilo hakuhitaji kuelezwa kwa nini Mhindu huipaka nyundo kumkum siku ya Vishwakarma. Wote wawili walifahamu kwamba kazi ya chuma hutaka ustadi pamoja na unyenyekevu.

Leo lami imefika, na Tunduma si safari ya kulala njiani. Lakini anayeteremka kutoka milima ya Mbizi kwenda bonde la Rukwa wakati wa mvua bado anajua alichokijua Joginder: gari hufika kwa mkono wa dereva, kwa uangalifu wa fundi, na kwa msaada wa mwanakijiji anayesukuma bila kuuliza dini ya aliyekwama. Dasara ijayo, tunapoyavisha magari yetu maua, tuwakumbuke hao wote katika sala. Na majirani, karibuni mlete na yenu.