Buu la Miwa: Adui wa Kahe, Jamaa wa Mfugo wa Korea

Katika tambarare ya Kahe na Arusha Chini, kusini mwa Moshi, buu jeupe la mbawakawa halina rafiki. Hukaa udongoni likitafuna mizizi, na muwa uliopoteza mizizi hunyauka, kisha huanguka.

Mbawakawa huyo, Cochliotis melolonthoides, alipewa jina na Mjerumani Gerstaecker, aliyechambua wadudu wa safari za Baron von der Decken, msafiri aliyejaribu kupanda Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862. Sifa ya uharibifu ilikuja na miwa. Mwaka 1930 Mdenmark A.P. Møller alianzisha TPC, kampuni ya miwa, huko Arusha Chini. Muwa ukikatwa, shina hubaki ardhini likachipua tena msimu ujao. Kwa buu, hicho ni chakula kisichokoma. Mwaka 1956 W.F. Jepson alichapisha utafiti kuhusu wadudu hao na namna ya kuwadhibiti.

Huko Asia, mabuu ya jamaa za mbawakawa huyo yaliingia kwenye vitabu vya tiba. Li Shizhen wa China aliyataja katika kitabu kilichochapwa mwaka 1596. Heo Jun wa Korea naye aliyataja mwaka 1613. Wakorea waliyaokota kwenye nyasi kuukuu za paa, wakayatumia hasa kwa maradhi ya ini. Siku hizi hufugwa kwenye makasha yenye unga wa mbao uliochachushwa, na mwaka 2016 Korea Kusini iliyatambua rasmi kuwa chakula cha kawaida. Kibali hicho ni cha mezani. Hakithibitishi kwamba yanaponya ini.

Tanzania nayo si mgeni wa kula wadudu: watu wa Kagera hula senene, ingawa wengi hukamatwa porini, hawafugwi. Na ripoti ya FAO ya mwaka 2013 ilikadiria kuwa mbawakawa na mabuu yao ni asilimia 31 ya aina za wadudu wanaoliwa duniani.

Hata hivyo, mtu asichimbue buu la shamba la miwa akalikaanga. Udongo huo umepigwa dawa miaka mingi. Kilicholitoa buu la Korea kwenye paa hadi sokoni ni aina inayojulikana, malisho safi na sheria. Kahe ina makapi ya miwa na majani ya migomba ya kulishia. Atakayetaka kufuga aanze kwa kuchagua aina iliyopimwa, na buu la muwa alibakishe kwenye orodha ya visumbufu.