Ukucha uliozama

Ukucha uliozama ni hali ya ukingo wa ukucha wa mguu kuichoma nyama ya pembeni na kuingia ndani yake, kisha kuleta uvimbe, maumivu na mara nyingi usaha. Karibu kila mara huwa ni kidole gumba. Huwapata zaidi vijana waliobalehe, ingawa wazee nao hawasalimiki. Kwa mtu mwenye afya ni maradhi madogo yenye tiba ya uhakika, lakini huachwa yakamtesa mtu kwa miezi mingi bila sababu. Kwa mgonjwa wa kisukari si madogo hata kidogo.

Chanzo

Chanzo kikuu ni ukataji mbaya. Ukucha ukikatwa mfupi mno na pembe zake zikazungushwa, hubaki kipande chenye ncha kilichofichwa na nyama. Ukucha unapokua, ncha hiyo husonga mbele na kuchoma kama mwiba. Wembe, ambao bado ndio chombo cha kukatia kucha katika nyumba nyingi, huacha ncha za aina hii kwa urahisi sana. Anayeumwa naye hurudi kuchokonoa pembe ileile ili apate nafuu. Anaipata kwa siku chache, kisha ukucha unaota tena ukiwa umezama zaidi ya mwanzo.

Viatu vinavyobana mbele huikandamiza nyama juu ya ukucha. Mwanafunzi anayenunuliwa viatu Januari na kutakiwa avivae hadi Desemba, mguu ukiwa unakua, yumo katika hatari hii. Sababu nyingine ni kujikwaa, kukanyagwa mpirani, jasho jingi la miguu, na umbo la ukucha ambalo mtu hurithi. Indinavir, dawa ya zamani ya kufubaza virusi vya UKIMWI, nayo ilihusishwa na tatizo hili.

Dalili

Hatua tatu za maradhi haya, kama zilivyopangwa na daktari Heifetz mwaka 1937, zinatumika hadi leo. Katika ya kwanza kuna wekundu, uvimbe kidogo na maumivu kidole kikiguswa. Katika ya pili maumivu huzidi na usaha hutoka. Katika ya tatu huota kinyama chekundu, laini, kinachovuja damu kwa kuguswa tu, na ukingo wa ukucha hufunikwa. Hali hii isichanganywe na funza wala fangasi za kucha.

Matibabu

Hatua ya kwanza hutibika nyumbani. Mguu huloweshwa katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa dakika 15 hivi, mara mbili au tatu kwa siku, kisha hukaushwa vizuri. Nyama husukumwa taratibu kutoka kwenye ukucha, na uzi mwembamba wa pamba safi huwekwa chini ya pembe. Pamba hubadilishwa kila siku. Wakati huo huvaliwa ndala au viatu vya wazi. Ukucha uachwe ukue hadi upite nyama. Mafuta ya taa, majivu na maji ya betri yasitumike kamwe.

Hatua za juu zaidi huhitaji upasuaji mdogo, ambao hauna haja ya kulazwa. Mganga huchoma sindano ya ganzi, kwa kawaida lidokaini, pande zote mbili za shina la kidole. Sindano hiyo ndiyo sehemu inayouma kuliko zote. Kidole hufungwa kwa mpira ili damu isimwagike, na mpira huo lazima uondolewe kazi ikiisha, kwani ukisahaulika kidole hufa. Kisha ukanda mwembamba tu wa ukucha, upande ulioumia, hukatwa kwa urefu hadi kwenye mzizi na kuvutwa nje.

Kung'oa ukucha wote bila kugusa mzizi, jambo ambalo bado hufanywa, ni kumwonea mgonjwa: ukucha wa gumba huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kuota upya, na mara nyingi huzama tena. Njia bora ni kuupaka mzizi wa ule ukanda kemikali iitwayo fenoli, ambayo huuua ili pembe hiyo isiote tena. Mtaalamu aitwaye Boll aliieleza njia hii mwaka 1945. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2012, yaliyokusanya tafiti 24, yalionyesha kwamba upasuaji huzuia tatizo kurudi zaidi kuliko tiba zisizo za upasuaji, na kwamba fenoli huongeza kinga hiyo. Dawa za antibiotiki hazikuonekana kusaidia palipofanyika upasuaji wa fenoli. Kidonda hutoa majimaji kwa wiki chache, kisha hukauka.

Historia

Daktari Winograd alieleza upasuaji wa kukata ukingo pamoja na mzizi wake mwaka 1929. Madaktari Vandenbos na Bowers, mwaka 1959, wao waliuacha ukucha na kukata nyama ya pembeni badala yake.

Huduma ya miguu

Wataalamu waliosomea miguu pekee ni wachache Afrika Mashariki, kwa hiyo kazi hii hufanywa na matabibu na madaktari katika vituo vya afya na hospitali za wilaya. Huko Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC kimefundisha matabibu wa ngozi na kucha kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Vijana wanaopita mitaani na beseni, wakiosha miguu na kupaka kucha rangi, hutumia vifaa vilevile kwa mteja baada ya mteja. Kifaa kilichotoa damu kinaweza kubeba virusi vya homa ya ini, na kidole chenye usaha hakifai kupelekwa huko.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye kisukari. Kisukari hufisha hisia za miguu na kupunguza damu inayofika vidoleni, hivyo pembe iliyozama inaweza kuwa kidonda kikubwa kabla mwenyewe hajasikia maumivu, na mwisho wake mguu ukakatwa. Mwenye kisukari asijikate pembe wala asijitibu nyumbani. Aonapo wekundu au usaha pembeni mwa ukucha, afike kituo cha afya siku hiyohiyo.