Chanjo ilianzia kwa nepi za wachanga

Msee wa ploti yetu amepata mtoto, na ananiambia hataki apewe yale matone ya rota kliniki. Ati ni kemikali za kutengenezwa. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kuringa nayo, lakini hii historia nimeisoma na lazima niwape.

1973, Melbourne, Australia. Ruth Bishop na wenzake walichukua vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliokuwa wanahara, wakavitazama kwa hadubini ya elektroni. Wakaona virusi. Baadaye vikaitwa rota, yaani gurudumu kwa Kilatini, juu ndivyo vinakaa. Kabla ya hapo mtoto anahara mpaka macho yanazama ndani, na mara nyingi daktari hajui ni nini kinamuua.

Sasa ngoja. Wakaangalia wodi za wachanga za jiji hilohilo. Virusi vilikuwa vimejaa humo! Mtoto anazaliwa leo, siku chache baadaye ashavipata hospitalini. Lakini wengi wao walikuwa wamelala tu, hawaumwi. Manze, hapo ndipo mambo yalinoga. Bishop akawafuatilia miaka mitatu, na 1983 akachapisha majibu: wale walioambukizwa wakiwa wachanga walishikwa tena baadaye kama wenzao, ila hawakuumwa vibaya. Mwili ulikuwa ushamjua adui.

Kabla mtu aniambie basi wodi chafu ni poa, hapana. Mtoto njiti anaweza kuumwa vibaya sana na virusi vya tumbo, na muuguzi asiponawa mikono anavibeba kutoka kitanda hiki hadi kile.

New Delhi nako walipata aina yao kwa wachanga wa hospitali, wasioumwa. Hiyo ndiyo ikawa chanjo ya Rotavac, iliyoidhinishwa India 2014, mwaka uleule Kenya ilianza kutoa chanjo ya rota. Ile aina ya Melbourne ilijaribiwa Indonesia, wengine wakipewa dozi ya kwanza kabla hawajamaliza wiki moja duniani. Majibu yakatoka 2018: kwa hao, kuhara kukali kwa rota kulipungua kwa 75% hadi miezi 18.

Hiyo "kemikali" ilitoka kwa kinyesi cha mtoto, buda. Wale wa Melbourne leo wamepita miaka 40, na hakuna aliyewahi kuwauliza wakiwa kitandani.