Pakruok

Pakruok ni desturi ya Waluo ambapo msikilizaji husimamisha muziki ili ajisifu au amsifu rafiki, mpenzi au ukoo wake. Hufanyika katika maonyesho ya nyatiti, ohangla na benga, hasa Kisumu na maeneo mengine ya Kenya yanayopakana na Ziwa Viktoria, kwenye harusi, matanga na vilabu.

Utaratibu. Anayetaka kusema humtuza mpigaji fedha. Nyuzi 8 za nyatiti hunyamaza, pamoja na pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, ambayo mpigaji huigonga kwenye ala hiyo hiyo kushika mapigo. Msemaji hutaja majina yake ya sifa kwa mafumbo na mzaha, hadhira hushangilia, kisha wimbo huendelea. Mwenye majigambo makali zaidi naye hutoa tuzo na kumjibu.

Nafasi ya msikilizaji. Katika tamasha la piano na okestra, hadhira ya leo kwa kawaida hungoja kipande kiishe ndipo ipige makofi. Katika pakruok, maneno ya msikilizaji ni sehemu ya onyesho lenyewe, na tuzo yake ni pato la mwanamuziki. Siku hizi pakruok husikika pia katika redio zinazotangaza kwa Kijaluo.