Kuchi na Hesabu ya Mashambulizi

Katika kuku wanaofugwa pwani yetu yupo mmoja ambaye watu hawakumtengeneza kwa ajili ya kitoweo wala mayai. Huyo ni kuchi. Mwenyeji wa Lamu, Mombasa, Unguja au Tanga hahitaji kuelezwa, na wenzetu wa Mwanza nao wanaye. Lakini kwa msomaji asiyewahi kumwona nitasema kwamba ni kuku mrefu, asimamaye wima kama askari wa gwaride, mwenye shingo ndefu, mapaja mazito na macho yaliyozama chini ya paji lililotokeza. Upanga wake wa kichwani ni mdogo, tena umelala. Nyama za kidevuni ni kama hazipo. Manyoya ya kifuani ni haba, hata ngozi yake nyekundu yaonekana. Jogoo aliyekomaa huzidi kilo 2 na nusu, wakati jogoo wa kawaida wa kijijini aghalabu hafikishi kilo 2.

Mwalimu wa historia hufundishwa kusoma hati. Kuchi nami humsoma hivyo hivyo, kwa sababu hakuna kiungo chake hata kimoja kisichoonyesha mkono wa binadamu. Upanga mkubwa wa jogoo wa kawaida ni pambo zuri mbele ya matetea, lakini katika vita ni mpini wa kushikiwa: adui huuma hapo, huning'inia, kisha hupiga kwa miguu. Basi wafugaji, kizazi baada ya kizazi, wakawazalisha wenye upanga mdogo. Miguu mirefu humwezesha kupiga kutoka juu. Shingo ndefu humfikisha kwenye kichwa cha mwenzake kabla mwenzake hajamfikia. Na mifupa mizito huupa teke lake uzito. Hakuna aliyeandika mpango huo mahali popote. Umeandikwa katika mwili wa ndege.

Mpango wenyewe ulianzia mbali. Kuku si mnyama wa asili wa Afrika. Mzee wao ni kuku-mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini Mashariki, nasi tulimpata kwa njia za biashara. Mifupa ya kuku imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa hai tangu karne ya 7. Uchunguzi wa chembe za urithi za kuku wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2013, uliwakuta kwa upande wa ukoo wa kike katika makundi mawili, moja likielekea Bara Hindi na jingine Asia ya Kusini Mashariki. Na kuchi amefananishwa na kuku wa kupigana wa Japani aitwaye shamo. Mtu asikimbilie kusema kwamba kuchi alitoka Japani. Shamo mwenyewe ni mgeni kule: jina lake latokana na Siam, nchi tunayoiita leo Thailand, na aliingia Japani mwanzoni mwa zama za Edo, zilizoanza mwaka 1603. Wajapani walimpenda kiasi kwamba mwaka 1941 walimtangaza kuwa hazina ya asili ya taifa. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba kuchi na shamo ni watoto wa ukoo mmoja uliosafirishwa na mabaharia, mmoja akapanda merikebu za mashariki, mwingine akashuka na pepo za kaskazi mpaka kwetu.

Hapa Ushongo, nilipokuwa mtoto, kuchi walikuja kwa mashua kutoka Unguja na Pemba. Mwenye kuchi wa kupiganisha alimfunga kamba mguuni chini ya mti, mbali na matetea, akamlisha mtama na dagaa, akamkimbiza asubuhi kwenye mchanga mzito wa ufukweni ili mapaja yakaze. Vipi, yaani ile miba ya miguuni, vilikwanguliwa kwa kipande cha chupa. Siku ya pambano majogoo walipimanishwa kwa kimo na kwa kubebwa mkononi. Aliyegeuka kukimbia ndiye aliyeshindwa, na aghalabu hakuchelewa kufika chunguni. Wazee wetu wa msikitini hawakuupenda mchezo huo, na walikuwa na hoja: imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, katika Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuwachochea wanyama wapigane. Ukiongeza fedha zilizowekewa dau, haramu zikawa mbili. Mchezo ulifanyika hata hivyo, ila nyuma ya minazi.

Jina la shamo lilinijia tena kutoka mahali nisipopatarajia. Mjukuu wangu wa sekondari, alipokuja likizo, aliketi barazani na mchezo wake wa mapambano ya viumbe, uitwao Pokémon, akanionyesha kiumbe mmoja: jogoo mkubwa asimamaye kama mtu, mwenye mapaja makubwa na moto unaotoka kwenye vifundo vya mikono.

"Babu, huyu si kuchi?" akauliza.

Nilicheka. Lakini alipoendelea kunisomea habari zake, kicheko kiliisha. Mchezo huo ulitoka Japani mwaka 1996, na kiumbe huyo aliingizwa mwaka 2002. Kwa Kiingereza wanamwita Blaziken. Kwa Kijapani jina lake ni Bashamo. Ndani ya jina hilo amekaa shamo yule yule, binamu wa kuchi wetu!

Nikamwomba anifundishe jinsi anavyompanga. Naam, ni hesabu hasa. Kila kiumbe ana sifa sita: uhai, shambulio la mwili, ulinzi wa mwili, shambulio la mbali (mfano moto autemao), ulinzi dhidi ya hilo, na kasi. Za Bashamo, kwa mpangilio huo, ni 80, 120, 70, 110, 70 na 80. Juu ya hizo mchezaji hupewa pointi 510 za mafunzo azigawe apendavyo, ila tangu matoleo ya mwaka 2013 sifa moja haiwezi kupokea zaidi ya 252. Kila pointi 4 humwongezea kiumbe aliyefikia ngazi ya 100 alama moja. Mjukuu wangu aliweka 252 kwenye shambulio la mwili na 252 kwenye kasi. Zikabaki 6, na kati ya hizo 4 tu ndizo zenye faida.

"Mbona ulinzi hukuupa kitu?" nikamuuliza.

"Babu, ulinzi wake ni 70. Hata nikimwongezea, akipigwa vizuri ataanguka tu. Bora apige kwanza."

Jibu hilo si la kitoto. Kumpa mnyonge wa ulinzi pointi za ulinzi ni kumfanya awe wastani kila mahali, na wastani katika pambano hana kazi. Akanieleza zaidi. Wapo akina Bashamo wenye kipaji cha kuongezeka kasi kila zamu inapokwisha. Basi zamu ya kwanza humwamuru ajikinge tu. Haumizwi, na kasi imepanda. Zamu nyingine, akiona adui amelegea, humwamuru acheze ngoma ya panga, na nguvu ya shambulio huwa maradufu. Baada ya hapo hupiga mpaka mmoja amalizike. Ubaya ni kwamba mapigo yake makubwa yana gharama. Lile la kujirusha akiwaka moto humrudishia yeye mwenyewe theluthi ya maumivu aliyomtia adui. Teke lake la kuruka, likimkosa adui, humnyang'anya nusu ya uhai wake wote. Hapo nilimwona kuchi kabisa, maana nimewahi kuona jogoo akiruka, akakosa, akaangukia ubavu, na pambano likaishia hapo.

Kuna jambo moja katika hesabu ile lililonishughulisha kuliko mengine. Kila kiumbe hupewa pia tabia, na tabia huongeza sifa moja kwa asilimia 10 na kupunguza nyingine kwa asilimia 10. Mjukuu wangu alichagua tabia inayoongeza shambulio la mwili na kupunguza shambulio la mbali. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aulizwaye kwa nini maji yananywewa. "Hilo la mbali silitumii, Babu. Kwa hiyo sipotezi kitu."

Wafugaji wa kuchi nao walichagua tabia, na wao pia walipunguza wasichokitumia. Walichopunguza ni mayai. Tetea wa kuchi hatagi sana. Mwulize mfugaji yeyote. Mtu wa uwanjani hakuona hasara, kwa sababu yeye hakula mayai ya kuchi wala hakuyauza. Lakini katika nyumba za pwani kuku ni wa wanawake. Yai ndilo lililonunua chumvi na mafuta ya taa, kifaranga ndicho kilichokuwa jogoo wa kumkirimu mgeni. Jogoo wa kuchi akiachwa kati ya matetea wa mama wa nyumba, hujaza ua wake vifaranga wenye miguu mirefu, wanaochelewa kuota manyoya, wanaotetemeka msimu wa masika na kufa kwa baridi. Nakumbuka wanawake wa kijijini wakiwafukuza makuchi ya waume zao kwa mwiko. Sisi watoto tulidhani wanawachukia kwa sababu ya ukali wao. Kumbe walikuwa na daftari lao, na katika daftari hilo kilichoandikwa sifuri na mwanamume kilikuwa ndilo fungu lote la mwanamke.

Mjukuu wangu hakukosea hata kidogo kwa kiumbe wake. Kwenye kioo kile shambulio la mbali la Bashamo si riziki ya mtu. Likipungua, limepungua tu. Tena kiumbe akishindwa huzimia, hupelekwa kutibiwa, na baada ya muda mfupi amesimama tena mzima. Kuchi aliyepoteza jicho nyuma ya minazi hakulipata tena. England na Wales zilikataza kupiganisha majogoo kwa sheria ya mwaka 1835. Kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 dhidi ya ukatili kwa wanyama. Mimi nasema sheria peke yake isingeupunguza mchezo. Soka ilifanya kazi kubwa kuliko polisi: vijana waliokuwa wakienda minazini siku za mapumziko sasa wanakwenda uwanjani au penye televisheni.

Kuchi mwenyewe hakutoweka, bali mpango wake umeanza kuandikwa upya. Jogoo mmoja safi huuzwa kwa bei ya majogoo kadhaa wa kawaida, na wanunuzi wa siku hizi hawamwulizii ushujaa, wanamwulizia kilo. Mapaja yale yaliyokuzwa kwa ajili ya teke sasa hupimwa kwenye mizani. Vijana hapa Ushongo humchanganya na matetea wa kienyeji ili wapate umbo lake pamoja na mayai ya mama zao. Wengine humchanganya na Sasso au Kuroiler, kuku walioenea nchini katika miaka ya 2010, na hilo halinifurahishi, kwa kuwa ukoo uliosafiri na mabaharia kwa karne kadhaa unaweza kupotea ndani ya banda moja la mabati kwa miaka kumi, na hatutakuwa na hati nyingine ya safari ile.

Jirani yangu anao machotara kama kumi. Matetea wanataga vizuri kuliko kuchi safi, na vifaranga huwahi kuota manyoya. Majogoo wamebaki na miguu mirefu na upanga mdogo. Mpaka miezi minne au mitano hula pamoja bila ugomvi. Baada ya hapo inabidi kuwatenga kila mmoja na tenga lake, na mwenye kusahau kufanya hivyo usiku, asubuhi humkuta mmoja amejibanza pembeni mwa banda, damu imemganda kichwani, na jicho limefumba.